Kaskazi shambani: namna ya kuangalia ndege kuanzia uani hadi hori ya Mida

Mwongozo huu ni wa mtu anayekuja kukaa shamba katika pwani ya Kilifi wakati wa kaskazi, kuanzia vuli inapokatika mwezi Desemba hadi masika yanapobisha hodi mwishoni mwa Machi. Huenda wewe ni mzaliwa wa huku, unafanya kazi Mombasa au Nairobi, na unarudi na watoto likizo ya Desemba. Huenda umealikwa na rafiki. Boma ninalolifikiria ni la kawaida, la kati ya Gede na Mida: nyumba ya makuti au ya mabati, minazi kadhaa, mwembe mmoja mkubwa, mikorosho, mbuzi, kuku, na kisima ambacho ikifika Februari ndoo inapanda nusu tupu.

Wengi huona kiangazi ni wakati wa kukaa ndani na kulalamikia joto. Kwa ndege, mimi siubadilishi na msimu mwingine wowote. Nchi ikishakauka ndege hawatawanyiki ovyo, wanafuata maji. Ukijua maji yako wapi na yanafika saa ngapi, iwe maji ya karai uani au maji ya bahari yanayojaa hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umeshajua ndege watakuwa wapi. Tena hiki ndicho kipindi ambacho wageni kutoka Ulaya, Siberia na Uarabuni wako kwetu, maana kwao ni baridi.

Hatua ya kwanza: darubini

Darubini nzuri huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta kitu karibu, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kikubwa huingiza mwanga mwingi. Kwa matumizi ya shamba, msituni na ufukweni, 8x42 inatosha kabisa. Ukitaka nyepesi ya mtoto au ya mama asiyependa mzigo shingoni, tafuta 8x32. Usidanganywe na zile za sokoni zilizoandikwa 30x au 50x, wala zenye vioo vyekundu vinavyometameta. Mkono wa binadamu hautulii vya kutosha kwa ukuzaji huo, utaona tikisiko tu.

Ukiipata, irekebishe kabla hujatoka. Kunja au kunjua bawaba ya katikati mpaka duara mbili za macho ziwe moja. Fumba jicho la kulia, tazama kitu cha mbali kama kole la nazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka lionekane wazi. Sasa fumba la kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete ya upande wa kulia mpaka kole lile lile lionekane wazi. Ukimaliza hapo, pete usiiguse tena, isipokuwa mtu mwingine ameazima darubini yako. Na wakiazima wataichezea, kwa hiyo kumbuka pete yako ilikuwa kwenye alama gani.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuinamisha kichwa kutafuta darubini, kisha kuinua na kukuta ndege amepotea. Macho yabaki kwa ndege, mikono ndiyo ilete darubini machoni. Watoto wafanye zoezi hili kwa kutazama kuku wa nyumbani kwanza. Watacheka, lakini baada ya jioni moja mikono itakuwa imezoea.

Vingine ni vidogo: daftari na penseli (wino wa kalamu huyeyuka kwa jasho), kofia pana, nguo za rangi tulivu, chupa ya maji, na viatu vinavyoweza kuingia topeni. Kwenye simu, programu ya Merlin ni ya bure na inasaidia kutambua ndege kwa sura na kwa sauti. Pakua orodha ya ndege wa eneo hili ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao shambani ni wa kubahatisha. Na neno moja kuhusu sauti: usizipige sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita, hasa wanapotaga. Ndege huacha kula au kulalia mayai akadhani ameingiliwa eneo lake. Mwongozaji atakayekupigia sauti hizo bila kukoma ni wa kumwambia apunguze.

Hatua ya pili: weka maji uani

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Unahitaji chombo kipana na kifupi: karai bovu, sinia la plastiki, au kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika. Kina cha maji kisizidi vidole viwili. Weka jiwe bapa katikati ili ndege mdogo apate pa kusimama, na nyuki apate pa kutua bila kuzama, maana Februari nyuki watakuja tu, upende usipende.

Mahali pa kuweka ni suala la kufikiri. Kiwe kivulini, ili maji yasichemke adhuhuri. Kiwe hatua chache kutoka kichakani, ndege apate pa kukimbilia mwewe akipita, lakini kisiwe kimeshikana na kichaka, kwa kuwa paka atajificha humo humo. Na kisiwe chini ya mnazi. Hili naona haya kulisema kwa watu wa pwani, ila wageni huwa wanaona kivuli cha mnazi kinapendeza, wakaweka na kiti.

Ukiweza, weka vyombo viwili, kimoja chini na kimoja juu ya kisiki. Tetere na pugi hunywa chini, tena pugi ni mwoga, atatembea polepole kutoka vichakani na kusimama mara nyingi kabla hajafika. Shore, chozi na mnana hupenda cha juu. Kisha fanya ujanja mmoja: chukua chupa ya plastiki, itoboe kitako kwa sindano, ijaze maji, ining'inize tawini juu ya chombo itone tone moja moja. Kiangazi sauti ya tone inasikika mbali, na ndege wa msituni ambao hungewaona uani huja kuchunguza.

Maji yabadilishwe kila siku. Sababu ni mbili. Ndege hujisaidia humo na kuambukizana magonjwa, na mbu katika joto hili hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi. Chombo kinachomwagwa na kusuguliwa kila asubuhi hakizalishi mbu hata mmoja. Maji ya jana usiyatupe barabarani. Mwagia mche wa mpapai, ambao baadaye utawarudishia ndege matunda. Na kama maji ya boma yenyewe yanachotwa mbali kwa mitungi ya lita ishirini, zungumza na mwenye kuyabeba kabla ya kuanzisha jambo hili. Vikombe viwili vitatu kwa siku vinatosha, lakini heshima ni kuuliza.

Chakula si lazima. Acha papai moja juu ya mti liivie huko, acha na maembe machache ya kileleni. Kuzumburu watakuja kundi zima na mikia yao mirefu, na mara moja moja hondohondo watatua kwa kelele ya mbawa inayosikika kabla hawajaonekana. Usimwage mabaki ya ugali na samaki uwanjani. Hayo huwaita kunguru wa Bara Hindi, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, kisha wakasambaa pwani nzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku pia. Jaa la taka lililofunikwa ni ulinzi wa ndege wako wote.

Hatua ya tatu: panga siku kufuata jua

Jua hutoka saa kumi na mbili na dakika kama ishirini. Nusu saa kabla ya hapo uwe umeshaamka, kwa sababu shughuli za boma na shughuli za ndege ni za saa zile zile. Anayefagia uwanja alfajiri, anayekwenda kisimani, anayefungulia mbuzi, wote wanapita katikati ya ndege walioamka na kiu. Huna haja ya kuchagua kati ya kusaidia kazi na kuangalia ndege. Shika ufagio, darubini ivae shingoni. Mgeni anayekaa na darubini barazani huku mwenyeji mtu mzima anafagia ataangaliwa kwa jicho fulani, na sawa tu.

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu na nusu ndio muda wa kutembea. Baada ya saa nne joto hupita nyuzi 30, ndege hunyamaza, nawe unyamaze. Adhuhuri ni ya kazi za kivulini: kusuka makuti, kukuna nazi, kubangua korosho, kulala. Kaa tu mahali unapoweza kuona chombo cha maji, kwa sababu saa saba au saa nane, wakati shamba zima limelala, ndipo ndege wengine wanapokuja kunywa. Saa kumi jioni tembea tena hadi magharibi.

Hatua ya nne: wajue wa nyumbani kwanza

Kabla ya kwenda Mida au msituni, jifunze ndege wa boma vizuri hadi uweze kuwatambua kwa sauti. Asiyemjua shore atamshangaa kila shore msituni, na yule wa ajabu atampita.

Shore ni huyo wa kahawia, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, anayeanza kupiga kelele kabla ya wote. Mramba ni mweusi mwenye mkia uliogawanyika, hukaa juu ya kijiti kilicho wazi na kuruka kunyakua wadudu. Dudumizi ni mkubwa wa rangi ya kutu, anapita chini chini kama hana haraka, na sauti yake ni ya maji yanayomiminika kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Wazee husema akilia mvua iko karibu, na katika kaskazi kila mtu humsikiliza kwa matumaini. Mnana utawakuta wakisuka viota kwenye ncha za makuti. Keremkerem hukaa kwenye waya wa umeme, chozi kwenye maua.

Januari na Februari ndio wakati watu wanasafisha mashamba kungojea masika, na wengine huchoma majani. Mimi si shabiki wa kuchoma, moto huponyoka na udongo hubaki mtupu. Lakini jirani akichoma, simama upande usio na moshi uangalie: mwewe, mramba na chole wa Ulaya, yule wa buluu anayekuja kwetu kukimbia baridi, hufika kukamata panzi wanaoruka kutoka motoni.

Ukiingia shamba la mtu, piga hodi. Salimia mzee wa boma kwanza, shikamoo yako itangulie, kisha eleza unatafuta nini. Mtu mwenye darubini anayezunguka mipaka ya mashamba bila kusema neno hudhaniwa ni dalali wa viwanja, na huku mambo ya ardhi hayana utani.

Hatua ya tano: Mida, na hesabu ya maji

Hori ya Mida iko kusini mwa Watamu, imezungukwa na mikoko, na katikati kuna tambarare kubwa za mchanga na tope zinazofunuka maji yakipwa. Hapo ndipo ndege wa safari ndefu wanapokula. Anayekwenda bila kuhesabu maji hurudi akisema Mida hakuna kitu, kwa sababu alifika maji yamepwa kabisa na ndege wako mbali kama chembe za pilipili, au alifika yamejaa na hakuna tope lililobaki.

Hesabu yenyewe ni ya wavuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, mwendo wake mdogo. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa karibu na saa nne, hupwa karibu na saa kumi. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50. Ndani ya hori, maji huchelewa kidogo kuliko bahari ya nje.

Sasa tumia hesabu hiyo. Ndege wako karibu nawe wakati maji yanapanda na kuwasukuma kuja ukingoni, muda wa saa mbili au tatu kabla hayajajaa kabisa. Kwa hiyo siku za maji mafu nenda asubuhi, uwe umefika saa moja. Siku za bamvua nenda baada ya adhuhuri, kuanzia saa saba au saa nane, na ujiandae kwa jua. Kama una siku moja tu ya kuchagua, chagua ya maji mafu: mwanga wa asubuhi ni mzuri, na joto bado halijapamba moto. Usiamini kumbukumbu yako wala yangu. Muulize mvuvi usiku wa kuamkia safari.

Pa kwenda kwa urahisi ni kwenye daraja la kuning'inia la mbao linalopita ndani ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ukingoni mwa tambarare. Liko upande wa barabara kuu ya Mombasa, kusini kidogo ya Gede. Kuna ada ya kuingia, na inakwenda kwenye karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu na hori, kupitia mpango uitwao ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya. Ukipenda kutembea topeni, chukua mwongozaji wa hapo. Anajua mifereji inayojaa kwanza, na ndiyo hatari ya Mida: maji huja nyuma yako kimya wakati unatazama mbele. Usivue viatu, chaza waliovunjika hukata kama wembe.

Wa kutafuta kwanza ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi ambao hakuna ndege mwingine wa ufukweni anao. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Chakula chake ni kaa. Anataga Uarabuni, kwenye visiwa na fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, tena hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii ya pwani analifanya. Kaa umwangalie kwa muda. Utaona kinda mwenye rangi ya kijivujivu akimfuata mzazi na kulia lia, na mzazi bado anamlisha, ingawa wametoka kote huko wakiruka pamoja. Wasomaji walioko Muscat au Sur wanaweza kumtafuta huko huko kwao.

Wengine wapange kwa midomo, si kwa rangi, maana katika kaskazi karibu wote ni kijivu na kahawia. Sululu ni mkubwa, mdomo mrefu uliopinda chini. Vitwitwi ni wengi na wadogo: yupo mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, Calidris ferruginea, anayetaga kaskazini kabisa ya Siberia, na yupo mwenye mdomo uliopinda juu, Xenus cinereus, anayekimbia kimbia kama aliyesahau kitu. Kila mdomo unafika kina chake topeni, ndiyo maana wanaweza kula pamoja bila kugombana. Yangeyange na kulastara utawaona bila kuwatafuta. Heroe huja baadhi ya miaka, miaka mingine hawaji.

Usiondoke mapema. Jua likianza kuzama, keremkerem wekundu wanaotoka kaskazini huingia kulala kwenye mikoko, kundi baada ya kundi. Wako kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, baada ya hapo huwapati. Watoto waliochoka na vitwitwi vya kijivu huamka hapo.

Hatua ya sita: msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu huu una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Lango la kawaida liko kwenye kituo cha msitu karibu na makutano ya Gede. Fika saa kumi na mbili, chukua mwongozaji. Ndani mna ndovu na nyati, na kwenye vijia mna kifutu aliyelala akidhaniwa jani, hivyo kutembea peke yako si ushujaa. Weka pesa kwenye simu kwa ajili ya malipo, na uliza viwango mapema, kwa sababu mkazi na mgeni hawalipi sawa.

Ujue unakanyaga nini. Kwenye mchanga mweupe ni mirihi, miti mirefu iliyoachana. Kwenye udongo mwekundu ni mifunda, vichaka vilivyoshonana. Sehemu nyingine ni mchanganyiko, na miti ya mbambakofi imo. Mirihini tazama juu. Ndege wa aina nyingi hutembea pamoja vileleni, nawe utakuta kimya cha robo saa kisha ghafla mti mzima unasogea. Kundi kama hilo ukilipata usilikimbilie, simama lipite juu yako. Humo ndimo huonekana mnana wa Clarke, Ploceus golandi, asiyepatikana mahali pengine duniani isipokuwa kaunti hii ya Kilifi. Mahali anapotagia palikuwa hapajulikani hadi mwaka 2013, alipokutwa na viota katika kinamasi kimoja cha pori la Dakatcha.

Kwenye udongo mwekundu yuko bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, mwenye urefu wa sentimita 15 au zaidi kidogo. Mchana hulala kichakani, mara nyingi wawili wawili wamebanana. Waongozaji wanajua pa kumpata. Mkishaonyeshwa, tazama, piga picha bila mwanga wa kamera, ondoka. Ndugu zake wengine wako Tanzania, chini ya milima ya Usambara Mashariki, kwa hiyo msomaji wa Muheza ana haki ya kujivunia pia.

Chini, kwenye majani makavu, sikiliza mkwaruzo. Njule mwenye kiuno cha dhahabu ni mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, na sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu kweli. Anachakura wadudu, na ndege wadogo humfuata kuokota anaowafukua. Wengi wa njule hawa waliobaki duniani wamo katika msitu huu mmoja. Ukimsogelea ataruka na kupiga mkia chini; ukisimama tuli atakupita karibu.

Ukiwa na watoto wadogo, msitu asubuhi na magofu ya Gede baadaye ni siku inayotosha. Hapo magofuni pana vivuli vikubwa, kima wasiojua adabu, na mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993, ambao hununua mabundo ya vipepeo (yaani kiwavi akishajifungia gandani, kabla hajatoka kipepeo) kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuyauza nje ya nchi. Mkulima anayepata fedha kutoka msituni bila kukata mti ana sababu ya kuutaka msitu ubaki. Naona hoja hiyo imefanya kazi kuliko mabango mengi.

Hatua ya saba: usiku

Kaa nje baada ya chakula, zima taa zote isipokuwa moja. Washa tochi uielekeze kwenye minazi: macho mawili mekundu yanayoruka ni komba. Mgema wa boma atakueleza visa vyake, kwa kuwa komba hupanda kunywa tembo la mnazi kwenye vibuyu vya kugemea. Bundi akilia, utawasikia wengine wakimfukuza kwa kuogopa nuksi. Usibishane na bibi kizee usiku huo. Asubuhi, ukikuta matonge ya manyoya na mifupa chini ya mti, yapasue kwa kijiti mbele ya watoto, mtaona mafuvu ya panya. Ghala la mahindi linaeleza lenyewe nani rafiki yake. Kulala, chandarua ni lazima, hata katika kaskazi.

Hatua ya nane: andika

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji (yanajaa au yanapwa), ndege na idadi yake. Usiyemjua mchore: mdomo, miguu, mkia, alikuwa akifanya nini. Rangi peke yake hudanganya. Orodha ukiituma kwenye Kenya Bird Map au eBird, mitandao inayokusanya kumbukumbu za ndege, inawasaidia watafiti kujua nani yuko wapi. Kila Januari pia hufanywa hesabu ya ndege wa majini nchini, na Mida ni miongoni mwa sehemu zinazohesabiwa. Mtu mwenye macho mazuri na subira hakataliwi, hata kama majina hajayamaliza. Kwa vijana wa boma wenye manati, kuwapa daftari na darubini kwa zamu kumefaa kuliko kuwagombeza. Wanajua viota vyote vilipo.

Ikiwezekana rudi Mida mwishoni mwa Machi kabla ya mvua. Wale vitwitwi wa kijivu wanakuwa wameanza kuvaa wekundu wa kutagia, wananenepa kwa safari, na Aprili wengi wameshaondoka.

Hatua ya tisa: tunza vifaa

Chumvi ya bahari ndiyo adui. Kila ukirudi Mida, futa mwili wa darubini kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi. Vioo vipulizwe kwanza mchanga utoke, ndipo vifutwe kwa kitambaa laini, kamwe si kwa kona ya kikoi chenye vumbi. Masika yakianza unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo, na fundi wa kuutoa ni ghali kuliko darubini nyingi. Ihifadhi ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikae juani siku moja kabla ya kuvitumia tena.